Kuiandikia mashine barua: mtafiti alipataje makala kabla ya tovuti?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea ukutubi na sayansi ya habari, nipo Morogoro. Profesa wetu mmoja anasema mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akipata programu na makala kutoka Marekani kwa kuiandikia mashine barua pepe, na mashine ikamjibu. Tulipomuuliza alijuaje mashine ipi ina nini, alisema walikuwa na orodha. Orodha gani hizo? Nani aliziandika? Mashine ilielewaje barua? Na je, kuna kilichobaki ambacho tunaweza kukiona leo?

Jibu: Marahaba. Profesa wenu hajatia chumvi hata chembe. Kwa zaidi ya miaka ishirini kabla tovuti hazijaenea, watumiaji wa mitandao ya vyuo vikuu waliishi kwa orodha, na kwa walio wengi barua pepe ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kulifikia jambo lolote lililoko mbali. Nimefurahi sana ulipouliza nani aliziandika. Wengi wa watu hao walikuwa wakutubi na wataalamu wa habari, yaani watu wa fani yako, na historia ya kompyuta inavyosimuliwa mara nyingi huwapita kama vile hawakuwepo.

Tuanzie ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwishoni mwa 1969 ulikuwa na vituo vinne: Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles na Santa Barbara, Chuo Kikuu cha Utah, na taasisi ya utafiti ya SRI iliyoko Menlo Park. Vituo vinne havidai orodha; ukitaka kujua Utah wana nini, unapiga simu Utah. Hata zile nyaraka za kazi zinazoitwa RFC, ambazo ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker tarehe 7 Aprili 1969, mwanzoni zilisambazwa kwa posta, karatasi ndani ya bahasha. Ila tangu awali SRI ilikabidhiwa jukumu la kuwa kituo cha taarifa za mtandao, kikajulikana kwa kifupi kama NIC.

Mwaka 1972 mtandao ulitakiwa uonyeshwe hadharani, kwenye mkutano wa mawasiliano ya kompyuta uliofanyika Oktoba katika hoteli ya Washington Hilton. Wageni wangeuliza swali hilo hilo lako: humu ndani mna nini? Doug Engelbart, mkuu wa maabara iliyobeba NIC, akamkabidhi Elizabeth Feinler kazi ya kuandaa mwongozo wa rasilimali za mtandao. Feinler, ambaye wenzake humwita Jake, hakuwa mhandisi. Alisomea kemia, akafanya kazi Chemical Abstracts kule Ohio, mahali ambapo makala za kemia za dunia nzima hufupishwa na kuwekewa faharasa, kisha SRI akaongoza kitengo cha kuwatafutia watafiti maandiko. Huyo kwa lugha yenu ya darasani ni mkutubi wa marejeo. Alifanya alichofanya mkutubi yeyote mzuri: kwa kila kituo alimtafuta mtu wa kuulizwa, akauliza mashine yenu ni ya aina gani, ina programu zipi, nani anaruhusiwa kuitumia, na mtumiaji akikwama ampigie nani. Majibu yakapangwa kwa mtindo mmoja yakawa kitabu.

Kuanzia 1974 hadi 1989 Feinler aliiongoza NIC, na katika miaka hiyo kila aliyekuwa mtandaoni alitegemea meza yake kwa namna moja au nyingine. Walichapisha majina na anwani za watumiaji. Walipokea simu za waliokwama. Na walitunza faili moja liitwalo HOSTS.TXT, lenye jina la kila kompyuta kwenye mtandao na namba yake. Kituo kipya kilipozaliwa, wao waliongeza mstari. Kisha kompyuta nyingine zote zikalichukua faili upya. Fikiria maana yake: ukiandika jina la mashine na ukaunganishwa, ni kwa sababu kuna mtu Menlo Park ameliandika jina hilo na kulihakiki. Mwaka 1982 wakatoa na huduma ya WHOIS, ambayo unaiuliza jina la mtu au mashine nayo inakurudishia mhusika na mawasiliano yake.

Faili moja kwa mtandao mzima lisingeweza kudumu. Kila siku mashine mpya, kila siku faili refu zaidi, na kila kompyuta inataka nakala yake. Mwaka 1983 Paul Mockapetris wa Chuo Kikuu cha Southern California akabuni mfumo wa majina ya vikoa, DNS, ambao kila taasisi hutunza majina yake yenyewe. Zingatia hilo, maana utaliona likijirudia: orodha inatunzwa kwa mkono, inamshinda mtunzaji, ndipo inabuniwa mashine ya kumsaidia. Waliobuni walikuwa wakiigeuza kuwa programu kazi ambayo watu walishaifanya kwa miaka.

Sasa tuje kwenye barua, maana hapo ndipo profesa wenu alipokuwa.

ARPANET ilikuwa ya wachache: vyuo na maabara zenye mikataba na serikali. Mwaka 1981 Ira Fuchs wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York na Greydon Freeman wa Yale wakaunganisha kompyuta zao kubwa za IBM kwa laini ya simu ya kukodi, na mtandao huo ukaitwa BITNET. Masharti yalikuwa mepesi: chuo kinachotaka kujiunga kinakodi laini hadi chuo jirani kilichokwisha kujiunga, na kinakubali mwingine ajiunge kupitia kwake. Ulaya ukaanza mtandao dada uitwao EARN, kwa msaada wa IBM. Laini nyingi zilikuwa za biti 9,600 kwa sekunde. Baada ya miaka kumi BITNET na dada zake walikuwa na nodi, yaani kompyuta zilizounganishwa, takriban 3,000.

Kwenye BITNET hukuweza kuingia katika kompyuta ya mbali na kuitumia ukiwa kwako. Faili au barua ilipita kituo hadi kituo, kama ndoo ya maji inavyopokezanwa kwa mikono. Kila kituo kinaipokea yote, kinaihifadhi, kisha kinaisukuma mbele. Kati ya nodi mbili palikuwa na njia moja tu. Laini ikikatika, kila kilicho nyuma yake kinasubiri foleni, na foleni ilipendelea mafaili madogo. Aliyetuma faili kubwa mchana wa Jumatatu aliwapisha wenye barua fupi mpaka usiku.

Katika mazingira hayo, huduma ya taarifa lazima iwe kitu kinachopokea barua na kurudisha barua. Kubwa kuliko zote ilikuwa LISTSERV, programu ya kuendesha orodha za mjadala, ambapo barua moja huwafikia wanachama wote. Toleo la mwanzo lilikuwa la ofisi ya BITNET yenyewe, nalo lilihitaji mtumishi wa kuongeza na kupunguza wanachama kwa mkono. Mwaka 1986 Eric Thomas, mwanafunzi wa École Centrale ya Paris, aliiandika upya ili mtu ajiandikishe mwenyewe. Unaituma barua kwa anwani ya LISTSERV kwenye nodi fulani, na ndani ya barua, si kwenye kichwa chake, unaandika amri mstari kwa mstari. SUBSCRIBE ikifuatwa na jina la orodha na jina lako ilikuingiza kwenye mjadala. INDEX ilikuletea majina ya mafaili yaliyohifadhiwa. GET na jina la faili, likaja. LIST GLOBAL ilikuletea majina ya orodha zote za mjadala zilizojulikana kote kwenye mtandao, na hiyo pengine ni mojawapo ya zile anazozitaja profesa wenu.

Kwa hiyo mashine haikuelewa barua kwa maana ya kusoma. Ilitafuta neno la kwanza la kila mstari, ikalinganisha na amri inazozijua. Ukianza kwa salamu, itakujibu kwamba haiitambui amri hiyo. Ukiweka sahihi ndefu chini, itajaribu kuitekeleza nayo, mstari kwa mstari, kisha ikurudishie makosa manane.

Ungeweza hata kutafuta ndani ya kumbukumbu za mjadala. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Houston kilianzisha PACS-L, orodha ya wakutubi waliokuwa wakishughulika na kompyuta zinazotumiwa na umma. Kupata kila barua iliyotaja neno fulani humo, ulituma hivi:

// JOB Echo=No
Database Search DD=Rules
//Rules DD *
Search gopher in PACS-L
Index
/*

Mikwaju ile miwili (//) mwanzoni mwa mstari ilirithiwa kutoka enzi za kadi za kutoboa, ambapo kompyuta kubwa za IBM zilipewa kazi kwa bunda la kadi. Mkutubi ambaye hajawahi kuigusa kadi alilazimika kuandika kama aliyezitoboa maisha yake yote. Baada ya saa chache, au siku, LISTSERV ilimrudishia mstari mmoja kwa kila barua iliyopatikana, na namba yake. Anachagua namba, anatuma barua ya pili, ndipo zinakuja zenyewe. Utafutaji ambao leo unachukua nusu sekunde ulikuwa wa barua mbili kwenda na mbili kurudi, na watu waliufanya kwa utulivu kabisa, kwa sababu mbadala wake ulikuwa kuazima jarida kutoka maktaba ya nchi nyingine kwa posta.

Kuna jambo jingine la LISTSERV ninalolistahi sana. Seva zake zilijuana. Barua ya kwenda kwa wanachama mia mbili wa Ulaya haikuvuka Atlantiki mara mia mbili. Ilivuka mara moja, ikiwa na orodha ya majina, kisha seva ya upande wa pili ikaigawa. Aliyebuni hivyo alikuwa akimfikiria mwenye laini nyembamba.

Na orodha za orodha? Nazo zilihitaji mtunzaji. Diane Kovacs, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, alikusanya pamoja na wenzake mwongozo wa mijadala ya kitaaluma kwa fani, ili mwanahistoria asihitaji kupekua maelfu ya majina yaliyofupishwa kwa herufi nane. Kanada, Peter Scott wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan alitoa mwaka 1990 programu ya Hytelnet, iliyoorodhesha katalogi za maktaba zinazoweza kufikiwa kwa mbali. Hytelnet haikuishia kukupa anwani na jina la kuingilia. Ilikuambia pia namna ya kutoka, kwa sababu kila katalogi ilikuwa na neno lake la kutokea, na usipolijua unabaki umenaswa mbele ya skrini. Anayefikiria hadi hapo amewahi kukaa na wasomaji.

Wenye muunganisho kamili wa intaneti walikuwa na FTP, njia ya kuchukua mafaili moja kwa moja kutoka kompyuta ya mbali. Chuo kilifungua sehemu ya diski yake kwa umma. Unaingia kwa jina anonymous, na mahali pa nywila unaandika anwani yako ya barua pepe kwa adabu tu. Hazina zilizosifika zilikuwa SIMTEL20, iliyokaa kwenye kambi ya majaribio ya makombora ya White Sands, New Mexico, na kujaa programu za kompyuta ndogo. Kule St. Louis palikuwa na hifadhi ya Washington University. Na Finland palikuwa na FUNET. Tatizo lilikuwa kujua faili unalolitaka liko hifadhi ipi. Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa mwanafunzi na mhudumu wa mitambo Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alikuwa na kazi ya kuwatafutia wenzake programu. Akachoka kupita hifadhi moja moja, akaandika programu ya kuzipitia na kuleta orodha za mafaili yake mahali pamoja. Mwaka 1990 yeye, Peter Deutsch na Bill Heelan wakaifungua kwa wote kwa jina Archie. Ndiyo mashine ya kwanza ya kutafutia vitu kwenye intaneti. Ilijua majina ya mafaili tu, si yaliyomo. Na ndiyo, hata Archie ilipokea maswali kwa barua: prog, kisha jina la faili.

Ukishajua faili liko wapi nawe huna FTP, palikuwa na wapagazi. Princeton waliendesha BITFTP kwa watu wa BITNET, na maabara ya kampuni ya DEC kule Palo Alto iliendesha ftpmail kwa yeyote mwenye anwani. Barua yako inasema connect na jina la hifadhi, chdir na saraka, get na jina la faili, quit. Mashine inaingia FTP kwa niaba yako na kukutumia faili.

Hapo ndipo jasho lilipoanza. Barua pepe ilibeba herufi za kawaida tu, ilhali programu ni baiti za kila aina. Ikabidi kila baiti tatu ziandikwe kwa herufi nne, kwa mbinu iitwayo uuencode. Barua inaanza na neno begin, namba 644 na jina la faili. Inafuata mistari mingi ya herufi zisizosomeka, karibu yote ikianza na M. Mwisho linakuja neno end. Faili limeongezeka zaidi ya theluthi. Kisha linakatwa vipande, maana milango mingi ya barua, yaani kompyuta za kuipitisha kati ya mtandao na mtandao, haikupitisha barua ndefu, nawe unavipokea bila mpangilio, unaviunga, unavigeuza. Juu ya hayo, kompyuta za IBM zilitumia msimbo wa herufi tofauti na wa nyingine, na milango iliyotafsiri kati yao ilibadilisha baadhi ya alama. Alama moja ikigeuka, faili zima limeharibika.

Kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa nyembamba zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET uliodhaminiwa na IDRC, shirika la Kanada la kufadhili utafiti wa maendeleo, ulijaribu kuunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Nairobi palikuwa na kituo cha FidoNet, mtandao wa kompyuta ndogo zinazopigiana simu kupokezana barua, kwenye shirika la mazingira la ELCI; kilibadilishana barua na mtandao wa GreenNet wa London kwa simu. HealthNet iliwapelekea madaktari barua kupitia setilaiti ndogo iliyopita juu ya kituo chao mara chache kwa siku, dakika chache kila ipitapo. Hakuna aliyekuwa ameunganishwa muda wote. Barua zilikusanywa, zikabanwa, kisha modemu ikapiga simu ya nje ya nchi, tena ikiwezekana usiku.

Piga hesabu uone. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha takriban herufi 240 kila sekunde. Megabaiti moja ni zaidi ya dakika 70; ikigeuzwa kwa uuencode ni karibu dakika 100 za simu ya kimataifa. Ndiyo maana orodha nzuri ilikuwa na thamani ya fedha taslimu. Faharasa iliyoonyesha ukubwa wa faili na maelezo ya mstari mmoja ilikuwezesha kuamua kabla hujaingia gharama. Mtunzaji mvivu aliyeandika jina tupu alimtia mtu wa Kampala au Dar es Salaam hasara ambayo mtu wa Boston hakuisikia. Mimi nadhani hicho ndicho kipimo cha haki cha huduma yoyote ya taarifa: inamhudumiaje mwenye laini dhaifu kuliko wote? Kwa kipimo hicho, zile seva za barua za zamani zilifanya vizuri kuliko tovuti nyingi za vyuo vyetu leo, ambazo hudai megabaiti kadhaa za picha kabla hujaona saa za kufungua maktaba.

Yaliyofuata unayajua. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota kikaleta Gopher, menyu za namba zilizoshika mkono wa mtumiaji. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, kikaiongezea Veronica ya kutafutia ndani ya menyu hizo. Mwaka 1993 Minnesota ikatangaza ada kwa baadhi ya watumiaji wa programu yake ya seva, na tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya ilikobuniwa tovuti, ikauachia umma teknolojia ya tovuti bila malipo. Watu wakahama.

Kilichobaki ni kingi kuliko unavyodhani. RFC zote, kuanzia ile ya Crocker, zinasomeka bure mtandaoni. Tafuta namba 812 na 954 uone WHOIS inavyoelezwa na watu wa NIC wenyewe, katika kurasa chache ambazo mwanafunzi wa mwaka wa pili anazielewa. Amri ya whois bado inafanya kazi kwenye kompyuta nyingi, na tangu wakati ule inatumia mlango ule ule namba 43. LISTSERV inaendelea kutumika. Karatasi za NIC, mamia ya masanduku ambayo Feinler alikataa yatupwe, ziko Computer History Museum kule Mountain View, California.

Za kwetu ndizo ninazoziwazia. Faharasa zilizochapishwa kwa printa ya pini, disketi za barua za ESANET na FidoNet, vijitabu vya maelekezo vilivyodurufiwa kwa ajili ya semina za siku mbili: nyingi ziko kwenye makabati ya wahadhiri waliostaafu au wanaokaribia kustaafu, na disketi hazidumu. Kama unatafuta mada ya tasnifu, anza na idara zilizokuwa na modemu kati ya 1990 na 1996. Omba kwanza karatasi, maana zinasomeka bila mashine. Disketi usizijaribu kwenye kisomeo cha zamani ambacho hakijasafishwa. Muulize mhifadhi kumbukumbu wa chuo, na zitolewe nakala kamili kabla mtu yeyote hajafungua faili hata moja. Na kila mwenye karatasi muulize swali la pili la barua yako, nani aliiandika, uliweke jina hilo kwenye katalogi.